Gari Linapumua Upande Wangu

2 Machi

Mvua ya kwanza. Imelowesha vumbi tu, ikaenda zake, lakini gari limeanza kunuka. Mjomba anasema ni turubai la nyuma. Si turubai. Turubai linanuka mafuta. Hii ni harufu ya tope, na inatoka ndani ya kiti changu.

Naandika haya hapa kwa sababu ofisini hayaandikiki. Mimi ni karani wa ghala la dawa. Kila wiki napanda gari na maboksi, tunavuka mto pale penye njia ya mawe, namkabidhi dawa muuguzi wa zahanati ya ng'ambo, tunarudi. Dereva ni mjomba wangu, kaka yake mama. Wakati wa mvua za mwaka jana gari hilihili lilizimika katikati ya mto, likasombwa. Mjomba alitokea dirishani kwake. Karani aliyenitangulia hakutoka. Gari lilivutwa kwa trekta, likaoshwa, injini ikafunguliwa yote ikafungwa upya, likarudi kazini. Kisha nikaletwa mimi. Mama alifurahi. Alisema angalau nitakuwa na mtu wa nyumbani.

5 Machi

Nimefungua kisanduku kilicho mbele ya kiti changu kutafuta kitambaa. Mchanga laini, wa kijivu, umejaa kwenye pembe. Nilikifuta wiki iliyopita.

6 Machi

Jua. Hakuna jipya.

9 Machi

Tumevuka. Pale mtoni kuna kigingi cha chuma, chini cheupe, juu chekundu. Maji yakigusa nyekundu, kuvuka ni marufuku. Leo yalikuwa mbali na nyekundu, lakini nilipoona tairi zinaingia nikajikuta nimeinua miguu.

"Bwana Kalamu," Mjomba akasema, "hata ukiiweka kichwani hiyo miguu, uzito wa gari ni uleule."

Nikacheka ili aendelee kuongea. Lakini tulipofika katikati alinyamaza, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Tulipopanda ukingo wa pili alishusha pumzi. "Haya, tumetoka," akasema. "Tumetoka wote."

Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mkanda wa kiti changu.

11 Machi

Mama Chai ndiye anayetupikia chai pale uani, chini ya bati. Nilikaa kazini wiki nzima ya kwanza kabla mtu hajaniambia kwamba karani aliyezama alikuwa mwanawe. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama," naye hujibu, "Marahaba baba," kisha hunitazama mabegani, kama anayepima nguo. Mjomba hanywi chai pale. Huleta ya kwake kwenye chupa.

14 Machi

Mkuu wa ghala katuita wote wawili. Mezani kwake palikuwa na bomba jeusi la plastiki ngumu, limepinda shingoni, refu kuliko mkono wangu. Mafundi wanaliita mkonga.

Akatueleza, ingawa Mjomba alikuwa anajua. Injini huvuta hewa kupitia tundu lililo chini ya boneti, juu kidogo ya taa. Maji yakifika pale, inavuta maji, na hapo imekufa. Mkonga unatoka pale, unapanda ubavuni mwa kioo hadi juu ya paa. Pua ya gari inahama.

"Likifungwa hili, habari ya nyekundu imekwisha," Mkuu akasema. "Mwaka jana baada ya ajali zahanati ile ilikaa bila dawa mpaka mvua zikakatika. Watoto walikufa kwa homa za kutibika. Sitaki kulisikia tena."

"Mimi nilisema zamani, mkuu," Mjomba akadakia. "Lifungwe leo hii."

"Dereva nimemsikia. Lakini madigadi inatobolewa, na ikishatobolewa haizibiki. Na anayekaa upande ule ni wewe." Akanielekezea kalamu. "Nataka neno lako. Ukisema hapana, nalirudisha lilikotoka."

Nikasema naomba nifikiri. Mjomba akanitazama kana kwamba nimemvua kofia mbele ya wakwe zake.

15 Machi

Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, tukiwa tunapakia maboksi.

"Mpwa wangu, nitakwambia mara moja, usiniulize tena. Siku ile maji hayakufika kwenye taa. Nyekundu ilikuwa kavu. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nimewaambia polisi, nimemwambia mama yake: hayakufika. Injini ikakohoa, ikazima. Mto ukatusukuma pembeni, tukalalia upande wake yeye."

Akaweka boksi chini taratibu, kama lina mayai.

"Halafu fundi kafungua injini, kakuta maji ndani, vyuma vya pistoni vimepinda kama vijiko. Maji yaliingia. Sasa yaliingiaje kama hayakufika? Watu wakasema namkwepa Mungu, naongopa. Mwanzo nilibisha. Siku hizi sibishi. Labda yalifika, mimi sikuona. Labda niliona ninachotaka kuona." Akaligonga lile gari ubavuni kwa kiganja. "Ndiyo maana nataka mkonga. Ukiwepo, hata dereva akiwa kipofu, karani anarudi nyumbani."

Nilitaka kumwambia namwamini. Sikuweza. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba injini haijazi maji yenyewe. Yaani tangu leo napanda gari na mtu ambaye ama anaongopa, ama haoni. Na ni ndugu yangu.

17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sijafanya kazi ya maana.

Upande mmoja: bomba likiwepo, itabidi maji yapande juu sana ndipo yaizime injini. Hilo halina ubishi. Upande wa pili: kigingi kinamzuia Mjomba sasa. Kigingi kikiacha kumzuia, nani atamzuia? Maji yanayozima injini si yale yale yanayosomba gari? Mkonga utaiacha injini hai, nasi tukielea. Halafu nawaza watoto wa ng'ambo, naona haya kuhesabu mbavu zangu tu. Halafu nawaza ule mlango wa kushoto, ambao hadi leo ukifunguliwa huguna na kukwama kabla haujaachia.

Mama Chai kaniletea kikombe mezani, jambo ambalo halifanyi.

"Umeshasema?"

"Bado, mama."

"Sema lifungwe." Hakuketi. "Mwanangu hakuwa nalo."

Nikaenda kwa Mkuu nikasema lifungwe. Nimekata shauri kwa sababu ya mama wa watu, si kwa sababu ya akili yangu.

20 Machi

Fundi kaja na turubai lake na msumeno wa duara. Alipotoboa madigadi, chuma kililia hadi nikatoka nje ya ua. Mjomba alisimama karibu muda wote, akishika bomba kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Fundi akasema, "Mzee, mbona unatetemeka? Gari ndilo linalotobolewa."

"Fanya kazi yako, wewe."

22 Machi

Sikujua jambo moja, na hakuna aliyenionya. Mdomo wa bomba uko juu ya dirisha langu, kwa hiyo injini sasa inavutia hewa sikioni kwangu. Mjomba akikanyaga mafuta, naisikia ikivuta, ndefu, kama mtu anayetoka chini ya maji. Akiachia, inakata. Njia nzima. Nimepandisha kioo, bado nasikia.

"Unasikia linavyopumua?" Mjomba akaniuliza. Amenenepa uso wiki hii. Anapiga mluzi.

"Nasikia, Mjomba."

23 Machi

Nimelala vibaya.

26 Machi

Tumevuka. Maji ya magoti. Mjomba kasikitika kwamba ni machache.

29 Machi

Nilikuwa peke yangu ndani ya gari, limezimwa, nangojea Mjomba atoke dukani. Upepo ulipita juu ya mdomo wa bomba, likatoa sauti. Si kuvuta, kutoa. Nikashuka nikasimama mvuani hadi alipokuja. Akaniuliza nina nini. Nikasema mguu umekufa ganzi.

2 Aprili

Mvua. Wanasema kule milimani inanyesha bila kupumzika.

4 Aprili

Muuguzi kapiga simu. Dawa za homa zimekwisha, na ana watoto watatu wamelazwa kwenye mkeka. Kuhusu mto kasema, "Umekasirika." Mkuu kaamua twende keshokutwa, hata maji yawe yamefika wapi. Mjomba kasema, "Ndiyo kazi ya mkonga." Kaimba.

Nikarudi mezani, nikachukua ile karatasi ya maelekezo iliyokuja na bomba. Kila kitu kipya lazima nisome karatasi yake, ndivyo nilivyo. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: baada ya kufunga, washa injini, ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini izime. Isipozima, usiingie majini.

Nikaenda kwa Fundi, nikamuuliza kama alijaribu. Akasema ana kazi tatu, kesho ataniazima sikio.

5 Aprili

Mjomba alikuwa amekwenda kutafuta kamba ya kuvutia. Ufunguo huwa anauacha. Nikawasha gari, nikapanda juu ya tairi ya mbele, nikaziba mdomo wa bomba kwa kiganja.

Ulininyonya ngozi kidogo tu, kisha ukaacha. Injini haikuzima. Haikukohoa hata. Iliendelea kunguruma chini yangu kwa raha zake, na mimi nimeliziba pua.

Nilichowaza ni kimoja: linapumua, lakini si hapa. Linapumulia wapi?

Fundi kaja akiwa na mswaki mdomoni. Kafungua boneti, kaingiza mkono chini ya mkebe wa chujio la hewa, kule kusikoonekana, akatulia kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Aa. Kimpira hakipo."

"Kimpira gani?"

Akanionyesha kingine kutoka kwenye boksi lake: kitu kidogo, cheusi, kama midomo iliyofungwa. Hukaa kwenye tundu la chini ya mkebe. Vumbi likijaa ndani, unakibana, linadondoka, ukiachia, kinafunga.

"Kiangazi madereva wanakichomoa," akasema. "Si wote. Wanaochoka kukibana. Tundu likibaki wazi vumbi linadondoka lenyewe. Mjomba wako ni wa hao. Namjua miaka."

"Na mvua zikija?"

"Wanasahau." Akautoa mswaki mdomoni. Nadhani ndipo alipojisikia. "Mimi niliangalia juu, kwenye mkonga. Huku chini sikuangalia."

"Na mwaka jana? Ulipofungua injini?"

Akaurudisha mswaki mdomoni. Nikapiga magoti nikatazama mwenyewe. Tundu lile liko chini kuliko taa. Maji yangelifikia kabla hayajagusa ile nyekundu ya kigingi.

Kwa hiyo Mjomba hakuongopa. Macho yake hayakuwa na kasoro. Maji hayakufika kwenye pua ya gari. Yalipanda kwa chini, kwenye tundu aliloliacha wazi kwa mkono wake.

Fundi kaweka kimpira kipya. Tukawasha, nikaziba tena, na mara hii injini ikavuta kiganja changu kwa nguvu za ajabu, ikatetemeka, ikafa. Nilipouondoa mkono ulikuwa na duara jekundu.

"Yamekwisha," Fundi akasema. "Usimwambie. Utamuua mzee wa watu bure. Gari limepona."

Nimekaa na maneno hayo hadi sasa. Gari limepona. Mjomba atavuka akipiga mluzi, akiamini mkonga ndio ulikosekana. Kuna ubaya gani? Kila nikikaribia kusema nakubali, nasikia ile pumzi, nami siko hata garini.

6 Aprili

Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio.

Nilifika asubuhi nikamkuta Mjomba yuko chini ya boneti iliyo wazi, mikono imechafuka, anacheka peke yake. Maboksi yalikwisha kupakiwa. Mama Chai alikuwa anapanga vikombe, hatua chache kutoka pale.

"Bwana Kalamu, njoo uone mambo ya mafundi," akasema. "Yule bwana kaniwekea hiki kidude tena. Kitashika tope, kitaziba. Nimekitoa."

Akafungua kiganja. Kimpira kilikuwa pale, kipya, kinang'aa.

Kama angekiacha, ningenyamaza. Nimejichunguza, na ndiyo kweli.

"Mjomba," nikasema, "naomba uwashe gari."

"Tunaondoka?"

"Washa kwanza. Halafu panda hapa, uzibe mdomo wa bomba."

Akanitazama, akadhani ni mchezo. Akawasha. Akapanda kwenye tairi, akaziba kwa kiganja chake kikubwa, akatabasamu. Gari likaendelea kunguruma. Akabana zaidi. Akaweka mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Likaendelea. Tabasamu lilikaa usoni muda mrefu baada ya furaha yenyewe kuondoka.

"Mbona halizimi?"

"Linavuta kwa chini, Mjomba. Pale ulipotoa."

Hakushuka. Alikaa vilevile, mikono juu ya bomba, anatazama ukuta wa ghala. Niliona inavyomwingia. Ilikuja polepole, kisha yote kwa pamoja.

"Hayakufika kwenye taa," akasema.

"Hayakufika. Ulisema kweli."

"Nilisema kweli." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima: "Tangu lini unajua?"

"Tangu jana."

"Na ungenipeleka mtoni hivyohivyo?"

"Jana kilikuwa kimewekwa. Nilidhani hutakiona."

Akashuka, akazima gari. Akafuta mikono kwenye suruali, mbele, nyuma, mbele. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja. Mvua zipite kwanza, tutazungumza nyumbani." Akanipita kana kwamba mimi ni mlango.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Chai. Alisimama mbele ya meza yake akamwambia yote, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Tundu liko wapi. Kazi yake nini. Alianza lini kukichomoa kimpira. Kwamba maji hayakufika juu, kama alivyomwambia, na kwamba yaliingilia tundu aliloliacha wazi yeye, ndiyo maana mwanawe amekufa. Alimwonyesha kimpira. Mama Chai alikichukua, akakibinya kwa vidole viwili. Midomo ikafunguka, ikafunga.

"Hiki," akasema.

"Hicho."

"Kiweke pale kinapokaa."

Mjomba akarudi, akakiweka. Kilimdondoka mara mbili. Mama Chai akamfuata, akavua kandambili, akaniambia, "Nishike, baba." Nikamshika kiwiko, akapanda juu ya tairi, mtu mzima yule, na shuka lake la kiunoni.

"Washa."

Mjomba akawasha. Mama Chai akaziba mdomo wa bomba. Gari likanyonya, likatetemeka lote, kioo kikagonga, likafa. Akaondoa mkono, akautazama.

"Washa tena."

Likafa tena.

"Tena."

Mara ya tatu Mjomba hakuweza kuzungusha ufunguo. Alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani. Mama Chai alibaki juu pale, kiganja kimeziba bomba la gari lililozimwa, kwa muda mrefu. Mkuu wa ghala alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani.

Hatimaye akasema, si kwa ukali, "Nilikuita mwongo mbele ya watu. Hilo nalirudisha. Hili lingine silirudishi. Sina pa kuliweka." Kisha akaniegemea, akashuka. "Wale watoto wanangoja dawa. Nendeni. Lakini ile nyekundu ni nyekundu. Kuna mkonga, hakuna mkonga, ni nyekundu."

"Ndiyo, mama," Mjomba akasema, uso bado uko kwenye usukani.

Tulifika mtoni kabla ya adhuhuri. Maji yalikuwa yamemeza sehemu nyeupe yote na yalikuwa yanalamba nyekundu. Mjomba alisimamisha gari mbali na ukingo, akalizima. Ng'ambo muuguzi alikuwa amesimama na mwavuli, akatupungia mkono tuje. Akapunga tena. Mjomba akatikisa kichwa. Muuguzi akaelekeza kidole kwenye mkonga wetu: si mnao? Niliogopa. Sikuogopa mto. Niliogopa kwamba nitamwambia Mjomba avuke, kwa aibu tu ya ule mwavuli.

Tukakaa. Upepo ulipita juu ya bomba likatoa sauti yake, na safari hii Mjomba naye aligeuka kuutazama mlango wangu. Nikajua kwamba amekuwa akisikia siku zote. Nikauweka mkono wangu juu ya wake pale kwenye gia. Hakuuondoa.

Mvua ilikatika. Jua lilipoanza kuinama, ukanda mwembamba mweupe ulijitokeza chini ya nyekundu, mwembamba kama kucha, kisha kidole, kisha kiganja. Mjomba alishuka, akalala kwenye tope, akapapasa chini ya mkebe. Akapanda kwenye tairi, akaniambia niwashe, akaziba. Likafa. Akashuka, akaketi kwenye usukani, akavuka polepole, bila kupiga mluzi, maji yakigonga mlango wangu.

Muuguzi alikuja hadi kwenye dirisha la dereva. Miguu ya suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Alikuwa ameanza kuingia majini kutufuata.

"Mmechelewa," akasema. "Mmoja kati ya wale watatu ana hali mbaya sana. Mmekaa pale mkinitazama. Mmechelewa."

"Tumechelewa, dada," Mjomba akamjibu, huku akifungua mlango ashushe maboksi. "Na tutachelewa tena."